Ndoo za Kilimani

Siku watu wa Kilimani walipoteremka kutuomba, nilioga mara mbili na kuvaa shati jeupe.

"Unakwenda harusini?" mke wangu Robi aliniuliza.

"Nakwenda kuangalia watu wanavyoomba."

Hakucheka. Alijifunga kanga yake, akachukua kigoda, tukaenda.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kuanikia dagaa, kwa sababu ziwa lilikuwa limeshaimeza shule miaka sita nyuma. Sisi wa Mwaloni tulikaa juu ya magunia na ndoo zilizopinduliwa. Wa Kilimani, nyumba thelathini na moja, walikuja na viti vyao vya plastiki, kila mtu amebeba chake kichwani. Hapo tu roho yangu ilianza kupata nafuu. Sikuwahi kuwaona watu wale wamebeba kitu.

Aliyesimama kuwasemea ni Mwalimu Machumu. Alikuwa anakaribia miaka themanini, na bado alivaa koti lake la kijivu la vifungo vitatu, jua liwake lisiwake.

"Ndugu wananchi," alisema, "hali yetu mnaijua. Barabara imezama. Gari la kunyonya vyoo halifiki tena Kilimani. Mashimo yetu yamejaa. Mfuko wa Ziwa uko tayari kutupa mbegu ya pili ili utumbo wenu wa majitaka upande mpaka kwetu. Sharti lao ni moja. Kijiji kizima, juu na chini, kitoe nusu ya mgao wake wa jua kwa miaka miwili, mbegu ipate joto mpaka ikomae. Bila kura zenu haiwezekani. Tunaomba."

Wote tukageuka kuangalia ziwani, kwenye vioo vyetu vya jua vinavyoelea. Kila nyumba ilikuwa na mgao wake kutoka kwenye vioo vile. Ndio uliowasha taa, uliochemsha maji, uliokausha dagaa wakati wa mvua.

Chirangi, fundi wa injini za mitumbwi, alisimama bila kuruhusiwa.

"Mwalimu, nusu ya mgao! Masika dagaa tuwakaushe kwa kitu gani? Tuwapulizie kwa mdomo?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu Nyafuru akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Yeye hakuwahi kutumia kengele.

"Chirangi, kaa chini. Mdomo wako wenyewe ungetosha kukausha ziwa zima."

Mama mmoja nyuma akasema, "Mimi naona tuwape. Kilicho juu hushuka. Mavi yao yasipoingia kwenye utumbo, yataingia kwenye mitungi yetu."

"Mwaka ule hawakulijua hilo?" mzee mmoja akamjibu. "Au mwaka ule mavi yalikuwa yanapanda?"

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni mwaka upi.

*

Miaka kumi kabla ya siku ile, Mfuko wa Ziwa ulikuja na mpango wa majitaka kwa kijiji kizima. Sharti lilikuwa hilohilo, nusu ya mgao. Wakati huo Kilimani walikuwa wengi kuliko sisi. Walikuwa na mashimo ya saruji na gari la kunyonya. Sisi tulikuwa na vyoo vya kuchimba kwenye mchanga, na ziwa lilikuwa limeanza kupanda.

Mimi ndiye niliyekuwa nazibua vyoo vya Kilimani pale gari lilipoharibika. Niliingia shimoni kwa ngazi na kutoka na ndoo. Baba yangu aliifanya kazi hiyo kabla yangu. Nilipokuwa darasa la tano, Mwalimu Machumu alinisimamisha mbele ya wenzangu akaniambia, "Manyama, nenda nyumbani kaoge. Ukiacha kunuka, urudi." Nilikwenda nikaoga. Sikurudi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Kwenye mkutano wa mwaka ule, shuleni, nilikuwa nimesimama mlangoni. Mwalimu alinyoosha mkono akapewa nafasi. Alisema, "Hawa wa Mwaloni wameshazoea harufu. Tusizime taa za watoto wetu kwa ajili ya watu waliozoea." Wakacheka kidogo, wakapiga kura, wakatushinda.

Masika ilipofika, vyoo vyetu vilielea. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kipindupindu kiliua watu kumi na tisa kwa siku ishirini na mbili. Binti yetu Ghati alikuwa wa kumi na mbili. Alikuwa na miaka minane. Nilimzika na wenzake chini ya mwamba, kwenye kipande cha ardhi ambacho maji hayafiki, na tangu siku ile watu wa Mwaloni hawajaniita Manyama. Wananiita Baba Ghati tu, kama vile yupo nyumbani ananisubiri.

Baadaye walikuja watafiti na kitu chao. Walituletea sisi kwa majaribio, nadhani kwa sababu kikituua hakuna ambaye angeuliza. Ulikuwa mnofu wa kijivu ndani ya pipa, mkubwa kama kichwa cha ng'ombe. Walisema tuuzike, tuupe joto na tuulishe. Ulikua. Baada ya mwaka ulikuwa umepita chini ya kila nyumba ya Mwaloni, mnene kama paja la mtu mzima, na ulikuwa unasukuma wenyewe, unameza wenyewe, bila pampu wala mteremko. Upande mmoja unaingia uchafu, upande wa pili yanatoka maji ambayo mtoto anaweza kunywa. Watafiti waliuita kwa jina refu. Sisi tuliuita utumbo.

Kazi ya kuulisha walinipa mimi. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Utumbo una tabia moja ambayo lazima ieleweke. Haupokei mgeni. Matumbo ya watu wa kila nyumba yana vijidudu vyake, na utumbo unaogopa vijidudu usivyovijua, maana vinaweza kuuozesha. Kwa hiyo kila nyumba lazima itambulishwe kwa ndoo ya choo chake. Utumbo unaonja, unajifunza, na siku ya tatu kinywa cha nyumba hiyo kinafunguliwa. Ndani ya siku hizo tatu kosa linasahihishika. Zikishapita, umeshika. Ukiletewa kitu tofauti na ulichoonjeshwa, unatapika kwa nguvu kupitia kinywa kilekile, mpaka sebuleni. Ukitapika mara tatu, unaziba kinywa hicho, na hakuna binadamu wala dawa itakayokifungua tena.

*

Tulibishana mpaka saa nane mchana. Nyafuru aliwabana watu wa Kilimani kama anayekamua ndimu. Mwishowe walikubali kutoa mgao wao wote kwa miaka miwili, na sisi tutoe kidogo tu cha kutimiza hesabu ya Mfuko. Watakaa gizani. Sisi tutakausha dagaa wetu.

"Kuna mwenye neno?" Nyafuru aliuliza.

Nilisimama. "Nani atabeba ndoo?"

Mwanamume mmoja wa Kilimani, Kitundu, mwenye nyumba ya ghorofa, alishangaa. "Ndoo zipi? Si wewe utapita kuzichukua, Manyama? Ndiyo kazi yako."

"Ilikuwa kazi yangu. Hapa Mwaloni kila mwenye nyumba alibeba ndoo yake. Mwenyekiti alibeba. Mchungaji alibeba. Na nyinyi mtabeba. Mchana kweupe, saa nne, siku ya gulio, kupitia sokoni. Mkuu wa nyumba mwenyewe. Si mtumishi wala mtoto."

"Huo ni udhalilishaji!"

"Kitundu," Nyafuru alisema taratibu, "ulichokitoa chooni leo asubuhi kilikudhalilisha?"

Banda lilipasuka kwa kicheko. Chirangi alianguka kutoka kwenye ndoo yake. Nilimtazama Mwalimu Machumu. Hakucheka wala kukasirika. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Kura zilipigwa. Tukawapa utumbo, wakatupa ndoo.

*

Miezi minne mbegu ya pili ililala kwenye joto, ikakua na kupanda kati ya miamba mpaka chini ya nyumba zao. Haikuwa imekomaa bado, lakini vinywa vikachomoza vyooni mwao, vimefumba, vinasubiri. Mimi pia nilisubiri. Sijawahi kuisubiri siku ya gulio namna ile.

Wakaja. Nyumba thelathini na moja, mstari mmoja, kila mtu na ndoo yake, wengine wamefunika kwa vitambaa vya kutarizi. Wauza nyanya walisimama. Hakuna aliyezomea. Walitazama tu, na kutazama kule kulikuwa kubaya kuliko kuzomea.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya Kinywa Kikuu, pale utumbo unapoonjeshwa nyumba mpya. Ni desturi yetu kwamba mlishaji anaponusa ndoo, anatangaza nyumba hiyo inakula nini. Ilianza kama mzaha wa kumkaribisha mtu. Siku ile niliifanya kwa moyo wote.

"Kitundu! Si ulisema daktari amekukataza nyama?"

"Nimeacha tangu mwaka jana."

Nikakoroga kwa kijiti. "Watu wangu, ng'ombe wa nyumba hii hafi kwa uzee."

Wakacheka mpaka mkewe akacheka. Niliendelea. Nilimtangaza aliyejidai hanywi. Nilimtangaza anayewalisha wageni sangara na yeye anakula vichwa. Kinyesi hakidanganyi, na mimi nimekisoma miaka thelathini na tano.

Kila ndoo ilipomwagwa, utumbo ulifanya kama unavyofanya kwa mgeni. Midomo yake ilijikunja, ikasita, ikawa myeupe kidogo. Unaweza kuhesabu mpaka mia. Kisha ulimeza polepole, na chini ya miguu yetu ardhi ikatetemeka.

Mwalimu Machumu alikuwa wa mwisho. Alikuja bila koti. Mara ya kwanza maishani mwangu niliona mabega yake. Yalikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hakuniangalia. Aliweka ndoo chini.

Nikafunua. Vichwa vya dagaa. Mbegu za pilipili kali. Nyanya chungu.

Hakuna mtu Kilimani anayekula dagaa na vichwa vyake.

Akamwaga mwenyewe. Utumbo haukusita. Haukuwa mweupe. Ulimeza palepale, kama mtu anayekula kwake. Ladha ile ulikuwa unaijua.

Nikainua macho. Kwenye umati, katika joto la saa tano, Chirangi alikuwa amesimama amevaa koti la kijivu la vifungo vitatu.

"Anakula nini, Baba Ghati?" watu wakauliza.

Nilikifunga kile kijiti kwenye jani.

"Anakula vizuri," nikasema.

*

Sikuhitaji kufanya kitu. Hicho ndicho kilichonifurahisha. Sikuhitaji kutia chokaa, wala kukata kitu, wala kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza siku tatu. Siku ya tatu, kinywa cha nyumba ya Mwalimu kingefunguka, angekaa juu yake kama mfalme, na utumbo ungekuta si Chirangi. Ungemtapikia. Ungejaza chumba chake, vitabu vyake, kitanda chake. Mara tatu. Kisha ungemfungia mlango mpaka kufa kwake, naye angebaki peke yake Kilimani nzima, na harufu yake. Angezoea.

Kesho yake nilikuwa naimba wakati nanoa panga. Robi akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote. Nilidhani angefurahi. Ghati alitoka tumboni mwake, si mwangu.

Alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Utatapika," alisema. "Halafu?"

"Halafu ataogelea."

"Nimesikia. Nauliza, halafu kitakwenda wapi?"

"Kitakwenda wapi nini?"

"Baba Ghati, wewe ndiye fundi, si mimi." Akarudi kwenye mchele wake.

Nilikasirika, nikatoka. Lakini swali lake lilinifuata. Kuna mbinu yetu ya zamani ya kutafuta shimo linalovuja: unachanganya maji na buluu ya kufulia, unamwaga, unafuata rangi. Nilichukua buluu, nikapanda. Nyuma ya nyumba ya Mwalimu, pale ukuta wake wa choo ulipopasuka, nilimwaga ndoo mbili nzima. Nikaanza kushuka nayo.

Buluu ilipita kwenye ufa wa mwamba. Ikazunguka jiwe moja kubwa, ikapotea, nikaikuta tena chini ya mkonge. Ikateremka kwa haraka kuliko mimi. Nilipoifikia ilikuwa imetulia. Ilikuwa imefika mahali palipo tambarare na imeanza kujitandaza kati ya vilima vidogo kumi na tisa vya mawe. Ilizunguka kaburi la Ghati pande zote mbili. Kisha ikaendelea kwenda kwenye mwalo, pale watoto wanapochota maji.

Nilikaa chini. Vidole vyangu vilikuwa vya buluu.

Maisha yangu yote mambo ya Kilimani yameshuka kuja kwangu. Mavi yao, maneno yao, kura zao. Sasa hata kisasi changu nilichokipeleka juu kilikuwa kinashuka, na kilimpitia mtoto wangu kwanza.

Nililia, ndiyo. Lakini mtu asidhani nililainika. Nililia kwa hasira ya mtu anayenyang'anywa chakula mdomoni.

*

Siku ya tatu, alfajiri imeshapambazuka, nilipiga hodi kwa Mwalimu Machumu. Watu wa rika langu humwambia shikamoo. Mimi sikumwambia.

Alifungua mwenyewe. Mkewe alikufa zamani, wanawe wako mbali.

"Manyama."

"Ile ndoo ilikuwa ya Chirangi."

Akasogea, nikaingia. Ndani kulikuwa na vitabu, meza, na sufuria moja. Taa ilikuwa imezimwa kwa ajili ya mgao. Kulikuwa na baridi.

"Amekwambia?"

"Utumbo umeniambia. Na koti lako limeniambia. Umempa mtu koti lako akupe mavi yake, Mwalimu? Mtu mwenye akili zako?"

"Wewe huelewi."

"Nieleweshe. Ulikuwa mwalimu wangu."

Alikaa kitini polepole. "Unasoma vile vitu kama mtu anavyosoma gazeti. Nilikuwa nimesimama kwenye mkutano nikakusikia unadai ndoo. Nikasema, Manyama atanisoma mbele ya watu. Mtu wa mwisho niliyetaka anisome ni wewe."

"Unajua kitakachotokea leo kinywa kikifunguka?"

"Nilidhani mavi ni mavi." Alisema kwa sauti ya mtoto. Mtu aliyefundisha sayansi miaka arobaini.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kila tapishi, kila chumba. Nilitaka aone. Aliona.

"Na wewe ulijua tangu juzi," alisema.

"Nilijua tangu ulipoimwaga ile ndoo."

"Kwa nini umekuja, basi?"

"Sijaja kwa ajili yako. Chukua ndoo. Jaza. Nitakusubiri nje."

Alichelewa. Mtu wa umri ule, na hofu ile, si jambo la dakika. Nilikaa kwenye ngazi yake nikitazama vioo vinavyoelea ziwani. Alipotoka, ndoo ilikuwa imefunikwa kwa ukurasa wa kalenda.

"Nisaidie, Manyama. Njia ni mbaya na miguu yangu ni dhaifu."

"Nimezibeba za kwako miaka kumi na sita. Beba."

Alibeba. Nilitembea nyuma yake. Aliteleza mara mbili na mara zote mbili mikono yangu ilinyooka yenyewe, na mara zote mbili niliirudisha. Makaburini nilimsimamisha.

"Weka chini upumzike."

Aliona buluu kwenye mawe. Alikuwa mtu mwenye akili, hata kama alisahau siku moja. Alifuata alama ile kwa macho, kutoka kwenye mawe kupanda juu, juu, mpaka kwenye ukuta wake. Akainua ndoo tena kabla sijamwambia.

*

Tulipofika Kinywa Kikuu, habari zilikuwa zimetutangulia. Nyafuru alikuwepo, na Robi, na nusu ya soko. Chirangi alikuwepo bila koti. Alikuwa amelishika mkononi, limekunjwa.

"Mwenyekiti," nikasema, "nyumba hii inatambulishwa upya. Ya kwanza ilikosewa."

"Ilikosewa vipi?" Nyafuru aliuliza, ingawa nadhani alishajua.

"Mwenyewe atasema. Na kabla hajamwaga, atarudia maneno aliyosema shuleni miaka kumi iliyopita. Asiporudia, siufungui utumbo."

"Baba Ghati," Nyafuru alisema kwa sauti ya chini, "hilo halimo kwenye makubaliano."

"Najua halimo."

Mwalimu alisimama na ndoo mbele yake. Jua lilikuwa limempiga usoni. Nilidhani angekataa, na sehemu moja yangu iliomba akatae.

"Nilisema," alianza, sauti ikakatika, akaanza tena kama anayesoma darasani. "Nilisema watu wa Mwaloni wameshazoea harufu. Nilisema tusizime taa kwa ajili ya watu waliozoea. Masika ile watu kumi na tisa walikufa. Mtoto wa huyu alikufa." Akanigeukia. "Manyama, samahani. Jina lake silijui."

Robi alitoa mguno, kama mtu aliyechomwa mwiba. Miaka kumi. Njia moja, soko moja, ziwa moja.

"Hapa wote wananiita kwa jina lake," nikasema. "Sikiliza wanavyoniita."

Aliwatazama watu. Kisha akafungua mdomo.

"Baba Ghati," alisema.

Nilikifunua kinywa, nikashika kijiti, nikatoa ule ukurasa wa kalenda.

Nikakoroga, nikasoma.

Muhogo. Maganda ya mahindi. Majani ya aina fulani, huenda ya kando ya njia. Hakukuwa na samaki, hata mwiba mmoja. Hakukuwa na mafuta. Hicho hakikuwa chakula cha wiki moja. Kilikuwa cha miezi mingi. Mtu anayeishi kando ya ziwa lililojaa samaki, mwenye nyumba ya mawe na koti la vifungo vitatu, alikuwa anakufa njaa polepole, na alikuwa tayari kulitoa koti ili nisijue.

Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho. Siri yake yote ilikuwa mikononi mwangu, moto, imeshaiva. Neno moja tu na soko zima lingemjua.

"Anakula nini, Baba Ghati?" mtu akauliza nyuma.

Robi alikuwa ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote.

"Anakula kama sisi," nikasema.

Akamwaga. Utumbo ulijikunja, ukasita, ukawa mweupe. Tulihesabu. Mia ilipita. Mia na ishirini. Nikaanza kuogopa, na nilichukia kwamba naogopa. Kisha midomo ikajaa damu, ikafumba, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zetu mpaka juu Kilimani.

Watu wakapumua. Chirangi akasogea na koti, akamwekea mzee mabegani, akaondoka haraka bila mzaha. Nyafuru akasema kazi imekwisha, watu waende sokoni.

Mwalimu alibaki. Alikuwa analia bila sauti. Alinyoosha mkono wake kwangu, ule aliobebea ndoo.

"Baba Ghati," alisema. "Nisamehe."

Niliutazama ule mkono. Utumbo ulikuwa umempokea. Utumbo hauna mtoto.

"Nenda nyumbani kaoge, Mwalimu," nikamwambia. "Ukiacha kunuka, urudi."

Alisimama kidogo. Aliyakumbuka maneno yake. Nilimwona anayakumbuka, darasa, dawati, mvulana wa miaka kumi na moja. Kisha akainama, akaokota ndoo yake tupu, akaanza kupanda.